Ni Kweli, Nilichukua

"Ni kweli, nilichukua. Ni haki yangu ile."

Kijana aliyasema maneno hayo kizimbani, hatua tatu kutoka niliposimama. Niliyasikia yote. Shati lake lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi mgongoni, na vidole vyake vilijaa zile chale ndogo ndogo ambazo uzi wa wavu wa jarife humwachia mvuvi. Nikamgeukia hakimu nikamtafsiria sentensi moja, ile ya kwanza.

Ilikuwa katika mahakama moja ya mwambao, Jumatatu asubuhi, mwaka wangu wa pili wa ukalimani. Jumatatu ndiyo siku wanayoletwa wote waliokamatwa tangu Ijumaa, na mafaili yalikuwa yamerundikana mezani. Kiingereza cha hakimu kinanijia, nakigeuza Kiswahili; jibu la mshtakiwa linanijia, naligeuza Kiingereza; dakika nne, aitwe mwingine. Nilidhani ile "haki yangu" ni maneno ya kuomba huruma, atayasema tena atakapoulizwa kama ana lolote kabla ya hukumu. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo: jarife moja, mali ya nahodha wake, lilichukuliwa nyumbani kwa nahodha bila idhini yake. Ni kweli? Ni kweli. Miezi sita.

Mamake alinisubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Wewe ndiwe uliyekuwa ukimsemea mwanangu?"

"Ndimi, mama."

"Mbona basi hukuyasema yote? Mwanangu hakuiba. Mwanangu ameshika rahani."

Akanieleza. Kijana alivua na yule nahodha karibu msimu mzima wa kaskazi, na fungu lake la wiki tano halikutoka. Kila akiuliza, kesho. Siku hiyo alikwenda nyumbani kwa nahodha baada ya swala ya Adhuhuri, akabisha hodi, akamwambia mke wa nahodha: "Mwambie nimelichukua jarife, akinipa changu nitamletea." Akalipakia juu ya punda, akapita nalo njia kuu ya mji watu wakimtazama. Hakulificha. Hakuliuza. Lilikutwa ukumbini kwa mamake, limekunjwa.

Sheria ya jinai ya Kenya, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haisemi kwamba mwizi ni mtu aliyechukua kitu cha mwenzake. Kifungu cha 268 kinasema mwizi ni yule aliyechukua kwa hila na bila dai la haki. Maneno hayo machache ndiyo yanayobeba kosa lote. Kifungu cha 8 kinakazia: mtu aliyegusa mali kwa kuamini kwa moyo safi kwamba ana haki nayo, bila nia ya kudanganya, hana hatia ya jinai kwa mali hiyo. Hata kama anakosea, maadamu imani yake ni ya kweli. Sisemi yule kijana alifanya vyema. Nahodha angeweza kumpeleka mahakama ya madai, na kijana naye akampeleka nahodha kwa mafungu yake. Lakini kumwita mwizi ni jambo jingine kabisa, na ushahidi wa kwamba hakuwa mwizi aliutoa mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele yangu.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan, iliweka utaratibu ambao kila hakimu wa Kenya anaujua. Mshtakiwa asomewe kosa na kila kiungo chake kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri iwezekanavyo. Akisema lolote linalotia shaka juu ya hatia yake, liandikwe kwamba amekana. Hakimu yule alikuwa mtu makini. Angaliisikia sentensi ya pili angaliandika hivyo bila kusita. Hakuisikia kwa sababu niliimeza.

Nilirudi kwake alasiri ile nikamweleza. Hakunikemea. Faili ikaenda Mahakama Kuu kwa marejeo, hukumu ikatenguliwa, na kijana akatoka baada ya wiki saba. Kaskazi ilikuwa imekwisha.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya jirani yangu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Ni bibi mtu mzima, ana wajukuu, na huniita mwanangu tangu nilipokuwa nikipita mlangoni kwake na ubao wa chuoni. Mwezi uliopita alikwenda gatini kumpokea binti yake anayevuka kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara. Boti ilipokaribia aliinua simu ampigie. Kijana mmoja akatokea nyuma, akaichukua, akatimua mbio. Kwa mitaa yetu hii, ambayo punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, hakufika mbali. Alikamatwa karibu na uwanja wa Mkunguni.

Nilipofika kwa bibi jioni, nilikuta daka la mlangoni limejaa watu na kila mmoja anamfundisha la kusema polisi.

"Sema walikuwa wawili."

"Sema alikusukuma ukaanguka."

"Sema alishika kisu, Bi, la sivyo kesho kutwa utamwona yuko nje anakuchekelea."

Niliwaomba wanipishe kidogo nikae naye. "Bi, hebu nieleze mimi. Alikugusa?"

"Hakunigusa, mwanangu. Nilisikia upepo tu, mkono ukawa mtupu."

Ninapoufikiria ukalimani, ninashangaa jinsi Kiswahili chetu kilivyokwisha kufanya kazi ambayo watu hudhani ni ya mawakili. Mtoto anayefunua chungu akala mnofu hatumwiti mwivi, tunasema amedokoa. Anayetia vidole mfukoni mwa mtu sokoni amechopoa. Aliyepita mbio akaondoka na kitu amekwapua. Aliyekutisha au kukupiga ili umwachie amekunyang'anya. Wakiwa kundi na silaha, wamepora. Aliyekudanganya mpaka ukampa mwenyewe kwa mkono wako amekutapeli. Kila neno lina picha yake: mkono uko wapi, mwenye mali yuko wapi, ana hofu au hana habari. Hizo ndizo picha ambazo sheria inazitafuta. Halafu hasira zikitupanda tunayatupa maneno yote hayo, tunabaki na moja tu la kupiga ukelele: mwivi!

Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, adhabu yake ya juu ni miaka 3. Ukimwibia mtu kitu alichonacho mwilini, kama simu iliyo mkononi, kifungu cha 279 kinaipandisha mpaka 14. Sheria inatambua kwamba mkono wa mwivi uliosogea mpaka kwenye mkono wako si sawa na uliochukua ndoo iliyoachwa uani. Tukivuka hapo tunaingia unyang'anyi, kifungu cha 295: ni wizi pamoja na nguvu au tishio la nguvu, muda uleule wa kuiba au mara tu kabla au baada yake, ili kukipata kitu au kukizuia kisirudishwe. Hapa mstari kati ya makosa ya mali na makosa dhidi ya mtu unafutika. Kinachoadhibiwa ni ile hofu iliyotiwa kifuani mwa mwenye simu, simu imekuwa sababu tu.

Kisha kuna kifungu cha 296, sehemu ya pili, ambacho watu wa darasani kwangu, maana daka lile lilikuwa darasa siku hiyo, hawakukijua. Unyang'anyi ukiwa na moja kati ya mambo matatu, huwa ni wizi wa mabavu. Awe na silaha ya hatari. Au awe pamoja na mtu mmoja au zaidi. Au ampige au kumjeruhi mtu wakati ule. Moja linatosha, si lazima yote matatu, na mahakama zetu za rufani zimelisema hilo mara nyingi. Adhabu iliyoandikwa ni kifo.

Nilisema neno hilo polepole. Mtu aliyekuwa amesema "sema walikuwa wawili" alinyamaza.

Ni kweli kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Ni kweli pia kwamba tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kumfunga hakimu mikono asiwe na hiari ila kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Lakini mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kesi za mauaji tu, si za wizi wa mabavu. Kwa hiyo "wawili" si chumvi ya kukoleza habari. Kisu ambacho hakikuwepo, kikishaingia kwenye taarifa ya polisi, kinasafiri na faili mpaka mwisho wa safari, na mtu wa kukitoa ni yuleyule mama aliyekitia, akiwa kizimbani, wakili akimuuliza kilikuwa na mpini wa rangi gani. Akibabaika hapo, hata ile simu aliyoibiwa kweli inaanza kutiliwa shaka.

Sikuwaambia hivyo kwa kumhurumia kijana peke yake. Bibi ameonewa, na ningependa haki yake isimame kwa miguu yake yenyewe.

Na hapa lazima niseme la Mkunguni, kwa sababu halikunitoka moyoni. Kijana alipokamatwa, ukelele wa "mwivi!" ulikwisha kuwakusanya watu thelathini, arubaini. Ngumi zilianza. Mtu mmoja alikwisha kuokota bao la mlango uliovunjika. Haya yote yalitokea chini ya Ngome, jengo lililojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 na likafanywa jela tangu 1910 mpaka 1984. Wazee wanaocheza bao pale chini ya mikungu wanawakumbuka wafungwa. Mwenye duka mmoja alimvuta kijana kwa ukosi akamwingiza dukani, akashusha mlango, akakaa nje juu ya kiti mpaka polisi walipofika. Walimtukana sana.

Wale waliomtukana hawakujua aliwaokoa wao. Kifungu cha 21 kinasema watu wakiungana katika jambo lisilo halali, na kosa likatokea ambalo lilitarajiwa kutokana na jambo hilo, kila mmoja ahesabiwe ametenda yeye. Aliyepiga pigo la mwisho na aliyemshika mkono tu wamo katika shtaka moja. Simu ilikuwa ya shilingi 8,000. Kijana angekufa, faili ingekuwa ya mauaji, kifungu cha 203, na ndani yake tungesoma majina ya watu tunaoswali nao safu moja. Neno ambalo huwa gumu kulitafsiri ni ile nia ya awali inayotofautisha mauaji na kuua bila kukusudia. Watu hudhani ni kupanga usiku kucha. Sivyo. Kifungu cha 206 kinahesabu hata kujua kwamba unachofanya huenda kikamuua mtu au kumjeruhi vibaya, na ukafanya hivyohivyo. Bao la mbao kwenye kichwa cha mtu aliyelala chini linaijua nia hiyo.

Makosa ya kumdhuru mtu yana ngazi zake, nayo yanataka uangalifu uleule. Kofi ni shambulio la kawaida, mwaka 1. Likiacha jeraha, ni miaka 5. Likimharibu mtu kiungo, au kumwachia kovu la uso la kudumu, ni madhara makubwa, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha maisha. Anayepima ngazi hiyo ni tabibu, katika fomu ya polisi iitwayo P3. Kwa hiyo mtu aliyepigwa asisubiri uvimbe upungue ndipo aende hospitali. Mwili wake ndio shahidi, na shahidi huyo husahau haraka. Kwa zile ngazi za chini sheria yenyewe inafungua mlango wa sulhu: kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamruhusu hakimu kuwapatanisha watu katika shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyo makubwa, hata kwa fidia. Nimeona ndugu wawili waliogombania mpaka wa kiwanja wakitoka mahakamani wameshikana mikono, na nikaona wazee wakijaribu kuzungumza hivyohivyo kesi ya mtoto aliyeharibiwa. Hilo la pili halina baraza. Litoke mapema kwenye vikao vyetu.

Kuna jambo la nyumba ambalo hunivutia kila mara, labda kwa sababu mji wetu umejengwa kwa milango. Kuvunja nyumba, kisheria, hakuhitaji kuvunja chochote. Kifungu cha 303 kinasema kufungua mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta au kuinua ni kuvunja. Mlango ulioegeshwa tu, ukausukuma kwa kidole, umeuvunja. Mlango ulio wazi kabisa ukapita, hujavunja. Na kuingia je? Kiungo chochote cha mwili kikipita, au sehemu ya chombo unachotumia, umeingia. Kwa hiyo yule anayesimama uchochoroni na upembo, akaupitisha dirishani kuopoa kanzu iliyotundikwa, kisheria yumo ndani ya nyumba ingawa miguu yake iko njiani.

Mchana adhabu ni miaka 7, usiku ni 10. Usiku wenyewe umepimwa: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tarehe ya kuanza kwa kanuni hii ni 1 Agosti 1930, na sijui kama walioiandika waliwahi kukaa mji wa Waislamu, lakini saa hiyo inagongana na Magharibi, wanaume wakiwa msikitini au ndio kwanza wanatafuta viatu vyao mlangoni. Mlalamishi akiniambia "aliingia jioni", mimi humuuliza: kabla ya adhana, au baada ya swala? Jibu lake ni miaka 3 ya mtu.

Na mlango wenyewe, huu wa nakshi ambao watalii husimama kuupiga picha? Ukiwa umejengewa ukutani hauwezi kuibiwa, kwa kuwa kinachoibiwa sharti kiwe kinasogea. Lakini kifungu cha 267 kinasema kitu kinachoweza kufanywa kisogee huwa chaweza kuibiwa tangu pale kinaposogea, hata kama aliyekisogeza ni mwivi mwenyewe. Patasi ikishaung'oa, umekuwa mali ya kuibwa. Nazi nayo ni hivyo, ikishaanguliwa.

Shamba, sasa, halisogei kamwe. Hapa Lamu, na Malindi pia nilikofanya kazi miaka minne, hakuna malalamiko niliyoyasikia zaidi kuliko "nimeibiwa ardhi yangu". Watu huenda polisi na neno hilo, wakaambiwa si wizi, wakarudi nyumbani wakiamini wamefukuzwa. Hawakufukuzwa, wamebisha mlango usio wao. Ardhi haiibiwi kisheria. Kinachofanywa juu yake ni kughushi hati, au kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungu cha 313, au kuishikilia kwa nguvu pasipo haki. Na udanganyifu huo lazima uwe juu ya jambo lililopita au lililopo. Aliyekuambia "shamba hili ni langu" ilhali si lake, amekudanganya kijinai. Aliyesema "nitakuuzia mwakani" kisha asiuze amevunja ahadi, nenda naye kwa madai. Kwa hiyo beba karatasi, uzisome tarehe, na useme ni nani alisema nini siku gani. Neno "ameniibia" liache nyumbani.

Bibi tulikwenda naye kituoni asubuhi iliyofuata, yeye, binti yake na mimi. Afande wa kaunta alikuwa kijana mpole. Alimpa kiti.

"Alikuwa peke yake, mama?"

"Mmoja nilimwona. Kama yuko mwingine, mimi sikumwona."

"Alikuumiza?"

"La. Moyo tu ulinienda mbio."

"Alikuwa na kitu mkononi?"

"Simu yangu."

Akaandika kwa muda. Nikamwomba amsomee mama kabla hajatia sahihi, naye akasoma, polepole, akigeuza Kiswahili alichokuwa ameandika kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Alipofika katikati alisema, "...ndipo aliponyang'anywa simu."

Bibi aliinua mkono. "Hapo sivyo, mwanangu. Sikunyang'anywa. Nilikwapuliwa."

Afande akalitazama karatasi. Akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, akamgeuzia karatasi na kumwonyesha mahali pa kuthibitisha. Bibi akavaa miwani, akaishika kalamu, akatia jina lake kando ya neno hilo kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia.